Mafunzo ya moyo kwa timu ya kliniki ya wanyama: mtandaoni, warsha ya vitendo, au mazoezi ndani ya kliniki?

Mbwa mdogo wa makamo analetwa kuchanjwa. Daktari anaweka stetoskopu kifuani upande wa kushoto, pale kiwiko kinapogusa mbavu, na kati ya pigo na pigo anasikia mvumo, ile sauti ya "shuu" isiyotakiwa kuwepo. Mbwa mwenyewe hana habari. Anakula, anacheza, hakohoi. Mwenye mbwa anamtazama daktari, daktari anamtazama muuguzi. Sasa?

Timu nyingi huanza kutafuta mafunzo ya moyo baada ya siku kama hiyo. Matangazo nayo ni mengi: kozi za mtandaoni, semina za mubashara, warsha za mwisho wa wiki, vyeti vya mwaka na zaidi. Yote yanaitwa mafunzo endelevu na yote yanatoa saa za kuandikishwa. Nimekuwa daktari wa wanyama kwa miaka mingi na nimepitia karibu kila aina. Kozi nimezisoma usiku baada ya zamu, probu ya ultrasaundi, kile kifaa cha mkononi kinachotoa picha, nimeishika huku mkono ukitetemeka, na kufufua moyo nimefanya mazoezi na wenzangu juu ya mwanasesere. Nilichojifunza ni kwamba aina hizi hazishindani kama tunavyodhani, kwa sababu kila moja inafundisha kitu chake. Kuna inayofundisha kichwa, kuna inayofundisha mkono, na kuna inayofundisha watu kufanya kazi pamoja bila kugongana. Ukinunua ya kichwa ilhali mnakwama mkononi, mtapata cheti na yule mbwa atabaki alipo.

Kabla ya kulipa, tafuteni mnapokwama

Mchukueni mgonjwa wenu wa mwisho wa moyo, mfuate safari yake tangu simu ilipopigwa. Mtu wa mapokezi aliuliza nini? Mnyama alipofika, nani alihesabu pumzi zake, na alihesabu kabla au baada ya kumbeba na kumweka mezani? Daktari aliposikia mvumo, aliandika ni wa daraja la ngapi kati ya sita, au aliandika tu "mvumo upo"? Picha ya eksirei ilipigwa, ikapimwa, au ilitazamwa kwa macho tu? Mwenye mnyama alirudi nyumbani akijua afuatilie nini?

Kliniki moja itagundua kwamba daktari anajua kila dawa lakini hawezi kupata picha safi ya moyo kwenye ultrasaundi. Nyingine ina mashine nzuri na mkono mwepesi, ila hakuna anayejua matibabu yaanze lini. Ya tatu ina vyote viwili, lakini paka anayehema mdomo wazi akiingia mlangoni kila mtu anakimbilia upande wake. Majina ya matatizo yao yanafanana, dawa yake haifanani.

Kozi ya mtandaoni ikipimwa na warsha ya vitendo

Nianze na hizi mbili kwa kuwa ndizo zinazochanganya watu zaidi.

Kozi ya mtandaoni ina nguvu kubwa kwenye maamuzi. Rudi kwa yule mbwa wa chanjo. Mwongozo wa mwaka 2019 wa ACVIM, chuo cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya ndani ya wanyama, unagawa ugonjwa wa kuchakaa kwa vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, katika hatua. Hatua A ni mbwa wa uzao ulio hatarini ambaye moyo wake bado ni mzima. B1 ana mvumo lakini moyo haujatanuka kufikia kiwango cha kutibiwa. B2 moyo umetanuka ingawa dalili hazijaanza. C dalili za moyo kushindwa kazi zimetokea, sasa au zamani. D matibabu ya kawaida hayatoshi tena. Ukishaielewa ngazi hii, nusu ya wasiwasi inaondoka, kwa kuwa kila hatua ina kazi yake na dawa zake.

Mpaka kati ya B1 na B2 ndio wenye uzito. Utafiti wa EPIC uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia mbwa 360 waliokuwa na mvumo na moyo uliotanuka, bila dalili. Waliopewa pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, walikaa muda wa kati wa siku 1,228 kabla ya moyo kushindwa kazi au kifo kitokanacho na moyo. Waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani walikaa siku 766. Tofauti hiyo ni karibu miezi 15 ya maisha mazuri, kulala miguuni pa mtu na kukimbilia mlango. Jambo kama hili halihitaji usafiri wala hoteli kulifundisha. Linahitaji mkufunzi anayeeleza vizuri, mifano ya wagonjwa, na nafasi ya kurudia somo mara tatu mpaka likae.

Kusoma eksirei pia kunafundishika vizuri kwenye skrini. Njia ya kupima moyo kwa pingili za uti wa mgongo ilielezwa na Buchanan na Bücheler mwaka 1995. Unapima urefu wa moyo kuanzia pale koromeo la hewa linapogawanyika hadi nchani, unapima na upana wake, kisha unavihamishia vipimo vyote viwili kwenye uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne ya kifua na kuhesabu pingili. Mbwa wa kawaida walikuwa karibu 9.7, na mwongozo wa B2 unatumia zaidi ya 10.5. Picha haitembei wala haipumui, kwa hiyo unaweza kupima hamsini jioni moja ukilinganisha jibu lako na la mkufunzi. ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ni hivyo hivyo: mistari mingi mbele ya macho, mara nyingi, mpaka jicho lizoee kutofautisha mapigo ya mbwa yanayopishana kwa kufuata pumzi, ambayo ni kawaida yake, na mapigo yasiyo na mpangilio wowote.

Ultrasaundi ndipo mtandao unapoishiwa nguvu. Nitaeleza kipimo kimoja tu ili ionekane kwa nini.

Mbwa analazwa ubavu wa kulia juu ya meza iliyokatwa tundu, probu inaingizwa kutoka chini. Unatafuta mkato wa duara unaoonyesha aota, mshipa mkuu utokao moyoni, katikati, vipeo vyake vitatu vikiwa vimefumba, na pembeni yake chumba cha juu cha kushoto. Picha ikiwa sawa, aota na chumba hicho huonekana kama nyangumi, na wakufunzi wengi hulitumia jina hilohilo. Unasimamisha picha mara tu vali ya aota inapofunga, unapima upana wa aota, unapima upana wa chumba, unagawanya. Ikifika 1.6 au zaidi, hicho ni kimoja cha vigezo vya B2.

Kwa maneno ni rahisi. Mezani, ukiuinua mkono kidogo tu, duara la aota linakuwa yai na uwiano unabadilika. Tena kuna mshipa wa mapafu unaoingia kwenye chumba hicho, na mwanafunzi karibu kila mara hupeleka kipimo chake ndani ya mdomo wa mshipa huo. Chumba kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na mbwa wa B1 anaandikiwa dawa ya maisha. Mimi nilikuwa nikifanya kosa hilo na sikujua. Nilikuwa nimetazama masomo mengi ya video, nikijiona nimeiva. Siku ya warsha mkufunzi alikuja nyuma yangu, akaweka kidole chake juu ya changu kwenye probu, akakisukuma chini kiasi cha unene wa kucha. Picha ikanyooka. "Sasa pima tena, usimalizie ndani ya mshipa." Uwiano ulishuka. Video ingenionyesha picha iliyo sawa mara mia, lakini haina namna ya kuniambia kwamba yangu si sawa.

Kwa hiyo kama kliniki ina mashine na inakusudia kuitumia kuamua matibabu, warsha haikwepeki. Ila warsha nazo zinatofautiana sana, na sifa za mkufunzi si kipimo cha kwanza. Kipimo cha kwanza ni wangapi kwa mashine moja. Niliwahi kuhudhuria iliyokuwa na wanafunzi wanane kwenye mashine moja na mbwa mmoja mpole aliyechoka mapema. Kila mmoja alishika probu dakika chache, muda uliobaki tulichungulia juu ya mabega ya wenzetu. Watatu au wanne kwa mashine ni kiwango ambacho mkono unaweza kujifunza kitu. Ulizeni pia kama mtafanya na wanyama wenye afya tu. Kuanza na moyo mzima ni sahihi, lakini kabla ya kuondoka mtu aone mioyo iliyotanuka, hata kama ni picha zilizohifadhiwa ambazo atazipima mwenyewe.

Jambo moja linalosahauliwa: mkono husahau upesi. Mtu akitoka warshani Jumapili na asishike probu mpaka mwezi ujao, karibu yote yamepotea. Nendeni warshani mkiwa mmeshapanga wagonjwa wa wiki inayofuata.

Mubashara au iliyorekodiwa

Hapa sina maneno mengi. Semina ya mubashara inakupa nafasi ya kuuliza, iliyorekodiwa inakupa nafasi ya kurudia. Kwa timu yenye zamu, iliyorekodiwa hushinda kwa sababu watu hawapati saa moja ya pamoja.

Ila angalieni tarehe. Somo la kutibu vali ya mitrali lililorekodiwa kabla ya EPIC litawaambia msubiri dalili ndipo muanze pimobendani, na leo hayo si mafundisho sahihi kwa mbwa wa B2. Mwongozo wa ACVIM wa magonjwa ya misuli ya moyo kwa paka ni wa mwaka 2020. Miongozo ya RECOVER ya kufufua wanyama ilitoka mwaka 2012 na ikafanyiwa marekebisho mwaka 2024. Kama mwenye kozi hasemi somo lilirekodiwa lini, mpite.

Mazoezi ndani ya kliniki yenyewe

Hii ndiyo aina isiyo na matangazo, na ndiyo nitakayoitetea kwa nguvu zote.

Paka anaingia akihema mdomo wazi, fizi zimefifia, macho yamemtoka. Kila mtu anajua kitu fulani. Mmoja anataka eksirei, mwingine anataka damu, wa tatu anatafuta sindano ya mshipani. Kila mmoja ana sababu nzuri, na paka anaweza kufa mikononi mwao kwa kushikwashikwa. Paka huyo anahitaji oksijeni kwanza, utulivu, mikono michache, dawa ndogo ya kumtuliza ikihitajika, na furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, kwa sindano ya misuli kama dalili zinaelekeza kwenye maji mapafuni. Probu ikipitishwa haraka kifuani akiwa amekaa alivyochagua mwenyewe inatosha kwa hatua hiyo. Eksirei ya kumlaza chali isubiri.

Hakuna kozi ya mtu mmoja itakayoibadilisha hali hiyo, kwa sababu tatizo lake si ujuzi wa mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Inabidi timu ikae saa moja, mtu wa mapokezi akiwemo, iamue nani anafungua oksijeni, nani anaongea na mwenye paka, nani ana haki ya kusema "wote ondoeni mikono." Kisha ifanye zoezi na paka wa kitambaa. Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Mara ya tatu utasikia chumba kimekuwa kimya.

Kufufua moyo uliosimama ni vivyo hivyo. Namba zake zinakaa kwenye karatasi moja: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua mnyama akiwa amelala ubavu, pumzi 10 kwa dakika akishawekewa mpira wa hewa kooni, mzunguko wa dakika 2 bila kukatiza, kisha anayekandamiza abadilishwe. Kozi ya nadharia ya RECOVER ipo mtandaoni na ni nzuri kwa kuelewa sababu za namba hizo. Lakini mtu ambaye hajawahi kukandamiza dakika 2 mfululizo hajui jinsi mikono inavyolegea dakika ya kwanza ikipita, wala jinsi anavyoacha kukiachia kifua kirudi juu kabisa kabla ya kukandamiza tena. Wekeni saa, fanyeni na mwanasesere, mtu mmoja asimame pembeni akihesabu kwa sauti.

Udhaifu wa mazoezi ya ndani ni kwamba timu inaweza kukaririshana kosa. Kama hakuna hata mmoja aliyefundishwa vizuri, mnarudia mlichokosea kwa bidii zaidi. Dawa yake ni mtu mmoja kwenda kujifunza nje na kurudi akiwa na kazi ya kufundisha, tena apewe muda wa kazi hiyo ndani ya saa za kazi, si wakati wa chai.

Nani apelekwe?

Kawaida daktari ndiye anayepelekwa. Nadhani hapo kliniki nyingi hupoteza. Mambo mengi yanayomwokoa mgonjwa wa moyo yako mikononi mwa muuguzi. Yeye ndiye anayepima shinikizo la damu, na kipimo hicho huharibika kwa mambo madogo: mkanda mpana kupita kiasi hushusha namba, mwembamba huipandisha. Upana unaofaa ni asilimia 30 hadi 40 ya mzunguko wa mguu au mkia pale unapofungwa. Yeye ndiye anayebandika nyaya za ECG, anayejua mbwa ametulia au la, anayeona kwamba pumzi za leo si za jana.

Na yeye ndiye anayekaa na mwenye mnyama kumwonyesha jinsi ya kuhesabu pumzi nyumbani. Mnyama akiwa amelala usingizi, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, hesabu nusu dakika, zidisha mara mbili. Ikivuka 30 na kubaki hivyo, piga simu. Ni jambo la dakika tano linalogundua maji mapafuni kabla mnyama hajaanza kuhangaika, na likifundishwa kwa haraka mlangoni mwenye mnyama hulisahau kabla hajafika nyumbani.

Wauguzi nao wana njia yao ya kitaaluma. Marekani kuna cheo cha ubingwa wa moyo kwa wataalamu hawa wasio madaktari. Uingereza, RCVS, chombo kinachosimamia taaluma ya tiba ya wanyama huko, inamtaka daktari wa wanyama afikishe saa 35 za mafunzo kwa mwaka na muuguzi saa 15. Msipange bajeti ya mafunzo kana kwamba saa hizo 15 ni za kujazia fomu.

Cheti kirefu na mshauri wa mbali

Cheti cha mwaka au zaidi kinamfaa daktari anayetaka wagonjwa wa moyo wawe sehemu kubwa ya kazi yake, na ambaye kliniki yake iko tayari kumpunguzia zamu. Bila sharti hilo la pili nimeona wenzangu wakiacha katikati, wamechoka, wakijilaumu bure. Tena cheti hakikufanyi daktari bingwa wa moyo. Ubingwa kamili unapitia miaka ya mafunzo chini ya mabingwa, kawaida mitatu, na mitihani yake.

Kwa kliniki iliyo mbali na bingwa, ningetazama kwanza huduma ya mshauri: mnapiga picha zenu, mnampelekea, anawajibu akieleza alichoona na picha gani mrudie. Ni mafunzo ingawa haiitwi hivyo. Kila jibu linamhusu mgonjwa wenu, mashine yenu, mkono wenu. Tafuteni mshauri anayerudisha picha mbaya na maelezo ya kuirekebisha, kuliko yule anayeandika tu jina la ugonjwa.

Mkiwa mnachagua sasa hivi

Kliniki isiyo na ultrasaundi isione haya. Kozi nzuri ya mtandaoni kuhusu kusikiliza moyo, eksirei na hatua za ACVIM, pamoja na mazoezi ya paka anayehema, itabadilisha wagonjwa wenu wengi kuliko warsha ya mashine msiyo nayo. Mwongozo wenyewe unakubali kwamba pasipo ultrasaundi, mvumo mkubwa pamoja na moyo uliotanuka wazi kwenye eksirei vinaweza kutosha kuanza matibabu. Kwa paka muwe waangalifu zaidi, maana anaweza kuwa na ugonjwa mkubwa wa misuli ya moyo bila mvumo wowote, na stetoskopu peke yake itawadanganya. Hao muwe na mahali pa kuwapeleka.

Kliniki yenye mashine inayokaa ikifunikwa kitambaa ipeleke watu wawili warshani, daktari na muuguzi pamoja. Muuguzi akijua picha inayotafutwa atamlaza mnyama sawasawa na kumshika bila kumbana, na hilo ni nusu ya picha. Kabla ya kwenda wamalize nadharia mtandaoni, ili saa za warsha zisiliwe na mihadhara. Wakirudi, picha kumi za kwanza ziende kwa mshauri.

Na timu ambayo bajeti yake imeisha kabisa inaweza kuanza wiki hii. Chagueni saa moja, zimeni simu isipokuwa ya dharura, mpeni kila mtu stetoskopu na mbwa mmoja mzee mwenye mvumo, kwa ridhaa ya mwenye mbwa. Kila mmoja asikilize kwa zamu na aandike daraja lake kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake. Kisha fungueni karatasi zote pamoja.